Rangi Chini ya Daraja la Coronado

Nguzo za daraja hazijengwi ili zitazamwe. Mhandisi huzipima kwa mzigo zitakaobeba. Zikishasimama na barabara ikatandazwa juu yake, kazi yake imekwisha, na dereva anayepita huko juu hana habari kama zipo. Daraja la Coronado, katika jiji la San Diego, California, lina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na limepinda kwa mkunjo mpana juu ya ghuba. Lilipindishwa na kuinuliwa kiasi cha mita 60 juu ya maji ili meli za kivita zipite chini yake bila kugusa kitu. Lakini barabara hairuki ghafla kutoka ardhini mpaka angani. Inabidi ianze kupanda mbali, polepole, na kule mbali inakoanzia kupanda palikuwa na nyumba za watu. Mtaa wenyewe ni Barrio Logan. Daraja lilifunguliwa mwaka 1969, na nguzo zake zikateremka katikati ya maisha ya watu: nene, za kijivu, zimepanuka juu kama herufi T, safu kwa safu, pale ambapo miaka michache nyuma palikuwa na vibaraza, bustani za mboga na kamba za kuanikia nguo.

Leo nguzo hizo zimevaa rangi kuanzia miguuni hadi mabegani. Yupo nyoka mwenye manyoya, Quetzalcóatl, mungu wa kale wa Meksiko, amejiviringisha kwenye zege kwa kijani na nyekundu. Wapo Zapata na Villa, wanamapinduzi wa 1910, na sharubu zao. Yupo Frida Kahlo, na wachoraji wenzake wakubwa kando yake. Yupo Bikira wa Guadalupe na miale yake, na wapo vibarua wa mashambani, mama wajawazito, watoto, mifupa inayocheza. Aliye juu ya daraja haoni lolote kati ya haya. Anaona ghuba, meli, na mji wa kitajiri wa Coronado ng'ambo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kweli anayetaka kuiona michoro hii hana budi kushuka, aache barabara, aingie uvunguni. Ila akishafika huko, shingo yake itapinda kuelekea juu. Picha ni ndefu, nyingine zinaanzia kwenye majani na kuishia kwenye tumbo la barabara, na mtu anajikuta amesimama kimya, kidevu juu, huku magari yakinguruma kichwani pake.

Sifa za michoro hii zimeandikwa sana, na inastahili. Mimi kinachonishika ni jambo jingine, nalo ni mpangilio wa matukio. Watu wa Logan hawakuanza na rangi. Walianza na ardhi. Rangi ilikuja miaka mitatu baadaye, na nadhani yeyote anayetaka kuelewa fahari ya mtaa huu, na kwa nini mitaa mingi duniani hupakwa rangi nzuri bila kubadilika chochote, lazima aikazie macho miaka hiyo mitatu.

Wachicano ni watu wa asili ya Meksiko waliozaliwa au kukulia Marekani, na wengi wao husema, kwa haki kabisa, kwamba si wao waliovuka mpaka bali mpaka ndio uliowavuka. Mpaka mwaka 1848 California ilikuwa ardhi ya Meksiko. Vita kati ya Meksiko na Marekani vikaisha, mkataba ukasainiwa Guadalupe Hidalgo, na watu wakaamka wako nchi nyingine bila kuhama kitandani. Kwenye Logan wengi zaidi walifika baada ya 1910, wakikimbia mapinduzi na njaa. Walifanya kazi kwenye viwanda vya kusindika jodari na kwenye karakana za meli, wanawake wakisimama kutwa nzima mbele ya samaki, wanaume wakichomelea vyuma. Walikuwa na kanisa lao, maduka yao, na ufuo wao: wikiendi waliteremka kuogelea na kuvua, kwa sababu bahari ilikuwa mwisho wa barabara tu. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la wanamaji likahitaji pwani, na bahari ikafungwa. Miaka ya hamsini jiji lilibadilisha mpango wa matumizi ya ardhi, likaruhusu viwanda viishi bega kwa bega na nyumba. Yadi za vyuma chakavu zikaingia, gari bovu likapangwa juu ya gari bovu nje ya dirisha la chumba cha mtoto. Mwaka 1963 barabara kuu ya Interstate 5 ikaukata mtaa vipande viwili. Miaka sita baadaye likaja daraja.

Kila pigo lilikuwa na sababu yake nzuri kwenye karatasi. Ulinzi wa taifa. Ajira. Usafiri. Hakuna aliyesimama hadharani akasema, tuwatoe hawa. Mtaa unaweza kufa namna hiyo, kwa sababu nzuri zinazofuatana, kila moja ikichukua kipande kidogo, na kila mara wenyeji wakiambiwa kuwa hii ndiyo ya mwisho. Mwenye nguvu mpishe, hufundishwa mtoto wa maskini mapema, na watu wa Logan walipisha. Walipisha jeshi, wakapisha viwanda, wakapisha barabara, wakapisha daraja. Walichoomba baada ya hapo ni kitu kidogo mno: ile ardhi tupu iliyobaki chini ya nguzo, ambayo haikuwa na faida kwa yeyote, iwe bustani ya watoto kuchezea. Wakaahidiwa.

Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1970, kijana mwanafunzi aitwaye Mario Solís aliona matingatinga yakisawazisha ardhi hiyo. Akauliza kinachojengwa. Akajibiwa kuwa ni kituo cha polisi wa barabara kuu, na maegesho ya magari yao. Habari ikaenda mbio, darasa kwa darasa, mlango kwa mlango, na kabla siku haijaisha wanafunzi, wazee, akina mama na watoto walikuwa wameshikana mikono kuyazunguka matingatinga. Walikaa pale siku 12. Kuna jambo walilolifanya siku hizo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mabango na hotuba zote: walipanda. Walikuja na majembe, mabeleshi na ndoo za maji, wakachimba udongo ule uliokwisha kushindiliwa kwa ajili ya lami, wakautia maua, miti, mipungate na mikonge mikubwa ile ya Meksiko ambayo haihitaji kubembelezwa ili iishi. Waliyageuza hata matingatinga yenyewe yakawa ya kusawazishia bustani yao.

Msomaji wa Tanga anaujua mmea huo kwa ukoo wake. Mkonge uliofunika mashamba yetu kuanzia 1893 ulitoka Yucatán, Meksiko, ukaletwa na Mjerumani Richard Hindorf, ukatulima migongo kwa vizazi vitatu kwa faida ya wengine. Ndugu wa mmea huohuo alipandwa chini ya daraja la Coronado na watu waliokuwa wakisema kwa mikono yao: hapa hatuondoki. Sina la kuongeza juu ya hilo, ila kwamba mmea hauna kosa. Kinachohesabika ni mkono unaoupanda na sababu ya kuupanda. Mtu anayepanda mti mahali anapotazamiwa kufukuzwa anafanya dai zito kuliko anayepiga kelele, kwa maana mti unahitaji kesho. Unahitaji mtu wa kuumwagilia Jumatano ijayo, na mwezi ujao, na kiangazi kijacho. Serikali ilijadiliana nao, ikakubali. Kituo cha polisi hakikujengwa. Bustani ikapata jina: Chicano Park.

Ndipo rangi. Salvador Torres, mchoraji aliyelelewa mtaani humo, akaenda kusomea sanaa na kurudi nyumbani, alikuwa ameziota nguzo zile kwa muda. Wenzake waliziona kama makaburi ya nyumba zao. Yeye aliziona kama turubai zilizosimikwa bure na serikali. Mwaka 1973, akishirikiana na Guillermo Aranda, Victor Ochoa na wachoraji wengine wa San Diego, alianza kazi. Zege halipokei rangi kirahisi. Lina vumbi, lina chumvi inayopanda juu kutoka ndani yake, na masizi ya magari yanadondoka kutoka barabarani usiku na mchana. Walilisugua kwa brashi za waya, wakaliosha kwa asidi, wakalisuuza, wakalipaka rangi ya msingi, na baada ya hapo tu ndipo mstari wa kwanza ukachorwa. Mwanzoni mlango ulikuwa wazi kwa yeyote: watoto, wazee, wapita njia, kila aliyetaka alipewa brashi au rola. Baadaye wachoraji wakaweka utaratibu na michoro ikakomaa. Wakaja wengine kutoka mbali, kutoka Sacramento na Los Angeles, wakiwemo wanawake walioongozwa na Celia Rodríguez, waliokataa kuwa wasaidizi wa kukoroga rangi na kudai nguzo yao, wakaipata. Naipenda sana habari hiyo, kwa kuwa mtaa unaodai haki kwa jiji ni lazima nao udaiwe haki na watu wake wenyewe.

Si kila nguzo inasimulia ushujaa wa kale. Iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ile iliyochorwa mwaka 1977 kuzikataa yadi za vyuma chakavu. Hapo hakuna mungu wala jemadari. Kuna wakazi wanasukuma takataka za chuma nje ya mtaa wao, na maneno yanayosema mtaa ndiyo, yadi la. Ni mchoro wa mkutano wa mtaa, ni barua ya malalamiko iliyopewa rangi. Nguzo nyingine ilibeba dai la kuirudia bahari, kwamba bustani ifike mpaka ghubani, na dai hilo likapigiwa kelele mwaka baada ya mwaka hadi, miaka takribani ishirini baada ya yale matingatinga, mtaa ukapata tena kipande chake cha ufuo. Mtu akiangalia picha hizi bila kujua hayo ataona sanaa ya mapambo yenye rangi kali. Anayejua ataona kumbukumbu za vikao: hapa tuliomba hiki, hapa tulipata, hapa bado tunangoja.

Kuna ukuta mwingine, Los Angeles, ambao nauweka kando ya nguzo hizi kila ninapozifikiria. Mwaka 1932 David Alfaro Siqueiros, mchoraji mkubwa wa Meksiko, alialikwa kuchora kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja katika Olvera Street, uchochoro uliokuwa ukitengenezwa uwe kivutio cha watalii. Waliomwalika walitarajia msitu wa joto, ndege na matunda. Siqueiros akachora Mhindi wa Amerika aliyesulubiwa, na juu ya msalaba tai wa Marekani. Haikuchukua muda sehemu iliyoonekana kutoka barabarani ikapakwa chokaa nyeupe, kisha yote. Yeye mwenyewe alilazimika kuondoka nchini. Mchoro ulilala gizani miongo, mpaka chokaa ilipoanza kubanduka na ile sura ya msulubiwa ikajitokeza tena taratibu, kama kovu, wakati uleule vijana wa Kichicano walipokuwa wakitafuta walikotoka. Ulihifadhiwa, na mwaka 2012 ukafunguliwa rasmi kwa umma, umefifia, rangi zake karibu zote zimekwenda.

Siqueiros alikuwa na kipawa kuliko wengi waliopanda viunzi pale Logan. Hilo nalisema bila kusita. Alichokosa ni ukuta. Ukuta ulikuwa wa mwingine, na mwenye ukuta ana chokaa. Hapo ndipo ninapouona uzito wa siku zile 12 za mwaka 1970. Torres na wenzake walipokuja na ndoo zao za rangi, chini ya miguu yao palikuwa na ardhi iliyokwisha kupiganiwa, na nyuma yao kulikuwa na kamati ya mtaa iliyo tayari kuwauliza maswali maafisa wa idara ya barabara. Zege lilibaki mali ya serikali, lakini chokaa haikuthubutu kuja. Miaka ya tisini, baada ya matetemeko ya ardhi kuitikisa California, serikali ilitaka kuziimarisha nguzo za madaraja, na kazi hiyo ilitishia kuifunika michoro. Mtaa ukasimama tena, na wahandisi wakatafuta namna ya kuimarisha bila kuifuta. Kuanzia 2011 michoro mingi ilikarabatiwa, baadhi ya wachoraji wa awali wakirudi kwenye viunzi wakiwa na mvi, kuchanganya upya buluu waliyoichanganya wakiwa vijana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa wamekuwa wakiziba ufa kwa nusu karne.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba rangi imemaliza jambo. Daraja limebaki daraja. Tarehe 15 Oktoba 2016, watu wakiwa kwenye tamasha bustanini, gari lilipitiliza ukingo huko juu na kuwaangukia. Wanne walikufa. Miezi miwili baadaye, Desemba ya mwaka huohuo, bustani ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, heshima ya juu kabisa ambayo nchi ile huipa sehemu ya kumbukumbu. Naziona tarehe hizo mbili zimekaa jirani na siwezi kuzitenganisha: taifa linaivisha bustani taji, na barabara ya taifa hilohilo inaendelea kupita kichwani pake na malori yake. Hewa ya Barrio Logan ni kati ya hewa chafu zaidi katika jimbo zima la California, na watoto wake wengi wanaugua pumu. Mwaka 2013 jiji lilipitisha mpango wa kuweka nafasi kati ya viwanda na nyumba. Kampuni za meli zikapinga, suala likapelekwa kwenye kura ya jiji zima, na Juni 2014 wapiga kura wa San Diego, ambao wengi wao hawajawahi kuivuta hewa ya Logan, wakaufuta mpango. Inauma kufikiri kwamba pengine baadhi ya waliopiga kura hiyo walikuwa na picha za nguzo hizi kwenye simu zao. Ilibidi kungoja mpaka 2021 mpango mpya upite.

Na kuna tishio lingine, ambalo limeletwa na uzuri wenyewe. Chema chajiuza, na mtaa uliopakwa rangi kwa jasho la wenyeji umejiuza. Magalari yamefunguliwa, mikahawa imefuata, wapangaji wenye mishahara mikubwa wamefuata mikahawa, na kodi imepanda juu ya uwezo wa watu waliochorwa ukutani. Siwalaumu wageni kwa kupenda kizuri. Nalilaumu jiji linaloitangaza michoro kwa watalii bila kumlinda mpangaji anayeishi ng'ambo ya barabara. Fahari ya utamaduni ni kitu rahisi sana kukipongeza, hakigharimu bajeti. Meya yeyote atakuja kukata utepe mbele ya mchoro. Ni wachache watakaokuja kusikiliza habari za notisi ya kuhama.

Kilomita chache kutoka hapo, City Heights, wanaishi wakimbizi kutoka pembe nyingi za dunia, wakiwemo watu wa Kongo na Wabantu wa Somalia ambao Kiswahili hakiwi kigeni masikioni mwao. Watoto wao wanakua katika jiji hilohilo, wakijifunza, kama watoto wa Logan walivyojifunza kabla yao, ni mitaa ipi hutajwa kwenye habari za uhalifu tu. Natamani kila mmoja wao apelekwe chini ya lile daraja na aambiwe habari za mikonge kwanza, ndipo aonyeshwe picha.

Kila mwaka, karibu na ile tarehe 22 Aprili, bustani hufurika. Wachezaji wa ngoma ya Kiazteki huja na vilemba vya manyoya marefu na njuga miguuni, wakizunguka jukwaa lililojengwa kwa umbo la hekalu la Wamaya. Magari ya zamani yaliyoshushwa hadi kukaribia kugusa lami hupangwa kando, yamesuguliwa mpaka mtu anajiona usoni pake. Nyama inachomwa, bendi zinapiga, na mabibi hukaa kwenye viti vya kukunja chini ya nguzo walizozipaka wakiwa wasichana, wakiwaonyesha wajukuu kwa kidole: ule mkono pale, ule wa njano, niliujaza mimi. Jirani na bustani sasa kuna jumba la makumbusho, lilifunguliwa mwaka 2022, linalosimamiwa na watu wa mtaa. Wengi wa wanaojaa siku hiyo hawaishi tena Logan. Waliondolewa na barabara, au daraja, au kodi, wakatawanyika hadi vitongoji vya mbali. Aprili ijayo watarudi tena na familia zao, na watazunguka muda mrefu wakitafuta mahali pa kuegesha gari katika barabara ambako babu zao walikuwa na nyumba.